Binti Aliyeombwa kwa Jembe

Shule niliiacha darasa la tatu, nikaenda kufukuza nyani kwenye mahindi ya baba yangu. Sioni aibu kulisema. Waliokaa darasani mpaka mwisho, wengi wao nimewaajiri. Naandika haya kwa mkono wangu, polepole, na atakayeona nimekosea herufi anisahihishe kimoyomoyo.

Nataka kueleza habari ya binti mmoja, mfamasia, mzaliwa wa Hasamba, kule Mbozi, ambaye mimi na chuo kikuu kimoja cha Dar es Salaam tulishirikiana kumsomesha shahada ya pili. Tunduma watu wanaisimulia kwa kucheka. Mimi nilikuwemo ndani yake, na leo kicheko sikioni.

Kwanza mnijue. Miaka ya themanini, sabuni ilipokuwa adimu, nilikuwa navuka mpaka kwenda Nakonde, upande wa Zambia, na kurudi na mizigo kichwani kwa njia za panya. Serikali ilipolegeza kamba na biashara ikafunguliwa, wenzangu wakakimbilia mitumba na mafuta ya kula. Mimi nikakimbilia dawa. Kila nilipovuka, watu walikuwa wakiniagiza vidonge, nikajifunza kwamba mtu anaweza kuahirisha shati lakini homa ya mtoto haahirishi. Nikaanza na duka la dawa baridi, zile zisizohitaji cheti cha daktari, chumba kimoja chenye bati linalovuja. Baadaye famasi kamili. Baadaye duka la jumla. Wazambia wakanizoea, wakiingia wananiamkia kwa Kibemba, "Mulishani, bashikulu!", maana yake hujambo babu, nami najibu "Bwino," kisha tunauziana.

Kilichonisumbua ni wafamasia. Sheria inataka famasi iwe na mfamasia aliyesajiliwa, na ni sheria nzuri. Lakini aliyesoma hapendi Tunduma. Anafika, anaona vumbi, malori yamejipanga mpaka nje ya mji, baridi ya Juni inaingia kwenye mifupa, anakaa miezi kadhaa, halafu anasema mama yake anaumwa Morogoro. Wengine walikuwa na mama wanaoumwa kila mwaka. Nilitaka mmoja abaki. Hicho tu ndicho nilikitaka: mmoja abaki, duka liwe na kichwa, hata nikifa lisife nami. Wanangu wa kuzaa walishaamua kufanya biashara ya magari, na gari nalo mtu analiuza linaondoka, hahitaji kubaki nalo.

Wakati huo tulikuwa hatujawa mkoa. Tulikuwa chini ya Mbeya, kila jambo Mbeya. Tukaitwa huko wenye maduka ya dawa, wenye hospitali binafsi, wasambazaji, kwenye ukumbi wenye viti vya plastiki. Walimu wa chuo walikuwa wametoka Dar. Mmoja wao, daktari wa mambo ya dawa, mwembamba, mpole, akatueleza ushirikiano wanaoutaka.

"Ninyi waajiri mna matatizo," alisema. "Sisi tuna wanafunzi wa shahada ya pili. Mwajiri alete tatizo lake, mwanafunzi alifanyie utafiti. Mwajiri ampe mahali pa kufanyia kazi na amchangie masomo. Akihitimu, amwajiri kwa miaka mitatu. Wote tunafaidika."

Tukataja matatizo yetu, langu likawa la malori mpakani, kisha nikanyoosha mkono. "Huyo mtoto tunamwomba kwa nani?"

"Samahani, mzee?"

"Umesema mnatupa mtoto. Wa nani?"

Ukumbi ukacheka. Daktari hakucheka, namsifu kwa hilo. "Mzee wangu, hawa ni watu wazima. Kila mmoja anajisainia mwenyewe."

"Chuo hakizai," nikamwambia. "Nyie mnapokea kilichozaliwa."

Kikao kilipokwisha, dada mmoja akanifuata nje. Amevaa koti la hospitali ya Mbeya alikokuwa akifanya kazi, viatu vimelika kisigino upande mmoja. Alikuwa ameketi nyuma na hakuwa mmoja wa waliocheka.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Kwenu wapi?"

"Hasamba. Nimesikia ulivyosema kuhusu malori, kwamba dawa zinakaa kwenye foleni mpakani na hujui zinafika zikiwa na hali gani. Hilo tatizo nalitaka mimi."

"Baba yako yupo?"

"Yupo, anahangaika na kahawa yake."

"Basi nitakwenda kwake."

Akanitazama. "Mzee, si mimi ndiye ninayesoma?"

"Wewe soma. Mimi na baba yako tutaongea."

Sasa wasomaji mnaotoka mbali mnisikilize. Sisi Wanyiha wazee wetu walifua chuma wenyewe. Mtu akienda kuomba binti, hatangulizi maneno matupu, anatanguliza jembe. Si mahari hiyo, mahari inakuja baadaye. Jembe ni la kufungulia mdomo. Likipokelewa, neno limepokelewa, na aliyetolewa kwa jembe harudi nyumbani hivi hivi kwa sababu amechoka. Mimi sikuwa natafuta mke. Mke ninaye, na wanangu wameoa. Nilitafuta neno lenye uzito, na katika maisha yangu sijaona zito kuliko hilo. Mkataba wa chuo ulikuwa na mihuri mitatu. Muhuri ukilowa unafutika.

Na kwetu mtu hajisemei. Nikamchukua rafiki yangu, Mrangi wa Kondoa, aliyefika Tunduma na lori moja bovu na sasa ana msururu wa malori. Mimi namwita Shehe ingawa si shehe. Yeye ananiita Mnyiha, kana kwamba Mnyiha niko peke yangu duniani. Ana ulimi mtamu. Njia nzima kwenye pikapu yake alikuwa ananitania.

"Mnyiha, nimesimamia posa nyingi, lakini kuposea famasi hii ni ya kwanza. Bwana harusi amevaa nini? Rafu?"

"Endesha gari, Shehe."

"Na fungate wanakwenda wapi, ghalani?"

Tulimkuta baba wa binti akigeuza buni kwenye kichanja. Mtu mrefu, mkavu, wa maneno machache. Hakuacha kazi mpaka alipomaliza safu yake. Mkewe akaniletea kimpumu, pombe yetu ya ulezi, Shehe akaletewa chai. Jembe jipya nililiweka chini mbele yetu, na blanketi la mama juu ya kigoda.

Shehe akaanza. "Mzee mwenzangu, tumesikia nyumba hii ina mtu anayejua dawa. Sisi tunakotoka kuna wagonjwa."

"Wanaumwa nini?"

"Wanaumwa kukosa mtu."

Mzee akatazama jembe. "Mnamtaka awe mke wa nani?"

"Si wa mtu. Atasoma, huyu bwana na chuo watamsomesha, akirudi atakaa dukani kwake Tunduma."

"Miaka mingapi?"

"Mkataba unasema mitatu," Shehe akajibu.

Nikaingilia, ingawa si adabu kumkata mshenga kauli. "Mimi sikuja kuomba miaka. Nimekuja kuomba mtu."

Mzee akaliinua jembe, akaligonga kwa kucha, akasikiliza mlio wa chuma. Kisha akalipokea kwa mikono miwili. "Basi ametoka," alisema. Mama akajifunika blanketi mabegani.

Binti alipopigiwa simu, alicheka mpaka akakohoa. "Baba ameniozesha duka!" Hasamba yote wakamwita mke wa famasi. Likizo akienda kusalimia, watoto wa jirani wanamwimbia njiani, naye anawarushia pipi. Siku hizo kila mtu alicheka, na mimi pia.

Ule utafiti wake nausema kwa fahari. Alikuja Tunduma akapanda malori ya Shehe, akaweka vipima joto vidogo ndani ya maboksi ya dawa, vingine chini kabisa, vingine juu karibu na bati. Lori likikaa kwenye foleni, yeye yuko pale na mwavuli wake, anaandika. Madereva walimwita Dokta wa Joto. Walimwekea kiti cha kukunja, wakamgawia ugali wao, wakamlalamikia shinikizo lao la damu. Usiku Tunduma ni baridi, mtu anadhani dawa ziko salama. Kumbe mchana jua likipiga bati, ndani ya lile sanduku la chuma la lori panachemka. Vidonge vya juu vilikuwa vinamomonyoka kabla havijamfikia mgonjwa. Tukabadili namna ya kupakia. Shehe akakata matundu ya hewa, akaweka mbao juu kama dari. Mpaka leo wasafirishaji wanafanya hivyo na hawajui aliyeanzisha.

Daktari wa chuo alikuja kukagua, viatu vyake vyeusi vikageuka rangi ya udongo. Akaniambia, "Mzee, waajiri wengine tunawabembeleza watume hata barua. Wewe umempa barabara nzima." Nilifurahi, sikatai.

Siku ya kuhitimu tuliketi mimi na baba yake Dar es Salaam, chini ya hema, jasho linatutiririka. Alikuwa amevaa koti zito la baridi ya Mbozi na akakataa kulivua. Binti alipoitwa jina, mzee akanishika goti. "Mali yako hiyo inapita," alisema. Nikamwambia ni mwanao. Akatikisa kichwa. "Nilishamtoa."

Binti alirudi Tunduma kama neno lilivyokuwa. Nyuma ya duka nilikuwa nimemjengea chumba, vigae vyeupe ukuta mzima, meza ya saruji iliyosuguliwa, vyombo vya kioo nimeviagiza. Nilitaka tutengeneze dawa zetu. Si za ajabu: dawa ya kikohozi, losheni ya upele, ile ya zambarau ya vidonda. Dawa zote za dunia zinapita Tunduma kwenda Zambia na Kongo, kwa nini isitoke hata chupa moja iliyoandikwa Tunduma? Yeye ndiye angekuwa mkuu wa kiwanda. Ndivyo nilivyomwahidi na ndivyo alivyosomea.

Wakaguzi walikuja, wakavua viatu mlangoni kwa heshima, wakazunguka. Mkubwa wao akasema, "Mzee, ni chumba kizuri. Lakini si kiwanda." Maji, hewa, umeme unaokatika, mitambo ya kupimia. Nikarekebisha, wakaja tena, wakasema vilevile. Nikachimba kisima. Wakasifu kisima. Mimi ni mbishi, mtu haanzi na bati linalovuja akafika nilipofika bila ubishi, lakini kuna mlango ambao ukiupiga bega, bega ndilo linavunjika.

Basi akasimama kaunta. Mwenye shahada mbili, anauza vidonge vya kichwa, anamweleza bibi kutwa mara tatu, anamweleza tena. Kazi aliifanya vizuri mno. Wagonjwa walimpenda, wakaguzi walimheshimu, mauzo yalipanda, na mimi nikalala usingizi kwa mara ya kwanza tangu nianze biashara. Mmoja amebaki, nikajisemea.

Kila Jumamosi baada ya kufunga duka alikwenda kile chumba cha nyuma na kuosha vile vyombo vya kioo. Havikuwahi kutiwa kitu. Aliviosha, akavipanguza, akavipanga. Mke wangu ndiye aliyekuwa anamwona, mimi nilikuwa mbele nafunga hesabu.

Miaka mitatu ya mkataba ikapita na hakuna aliyeitaja. Ukapita mwingine, na mwingine.

Siku moja daktari wa chuo alikuja na wanafunzi wapya kuwaonyesha mpaka. Nikamkaribisha chai nyumbani. Katika mazungumzo akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, "Tulimwita binti yako mara mbili aje kufundisha na kuongoza maabara yetu. Akakataa. Ametuambia kwao ni Tunduma."

Nilivimba kifua. Nilimwona daktari yule kama mtu aliyekuja kuchumbia akakuta mwenyewe yupo. Alipoondoka nikamwambia mke wangu, "Umesikia? Ametaja mwenyewe, kwao ni Tunduma."

Mke wangu alikuwa anakusanya vikombe. "Mume wangu," alisema, "wewe dawa unazijua, macho huna."

"Nini tena?"

"Mtoto wa watu anakauka. Muulize kama Tunduma ni kwao. Muulize leo, na ukae kimya mpaka amalize."

Ilikuwa Jumamosi. Nikamkuta kwenye kile chumba, mikono iko kwenye povu. Nikakaa kwenye ndoo iliyogeuzwa chini juu.

"Chuo kimekuita ukakataa," nikasema. "Kwa nini?"

"Kazi iko hapa, mzee."

"Hii unaita kazi?"

Aliendelea kusuuza. "Mzee, tafadhali usinifukuze. Ukinifukuza nitakwenda wapi?"

"Nani amesema kufukuza? Nakuuliza unataka nini."

Akaweka chombo chini taratibu, kama mtu anayelaza mtoto. "Nataka kwenda. Nilitaka tangu wakaguzi waliporudi mara ya pili. Lakini baba yangu alinitoa. Nikiondoka hapa, Hasamba watasema nimeachika. Atakaa wapi mbele ya wenzake?"

"Hakuna ndoa hapa! Mimi ni kama baba yako!"

"Unajua kuna mwalimu wa Igamba alinipenda?" Hakuwa analia. Aliongea kama anavyomweleza mgonjwa dozi. "Alituma wazee wake nyumbani. Baba aliwarudisha njiani. Aliwaambia jembe la watu liko ndani, hawezi kupokea la pili. Yule mwalimu ameshaoa, ana watoto wawili."

Sikuwa nalijua hilo. Nilikumbuka nilivyomkata Shehe kauli, nimekuja kuomba mtu, na nilivyojiona mjanja kuliko mihuri. Watu wananiambia nilikosea. Mimi nasema nilipita njia niliyofundishwa, ila njia ile ilitengenezwa kwa ajili ya nyumba na watoto na wajukuu, na mimi nikapitisha duka. Mtu akipitisha lori kwenye daraja la punda, daraja halina kosa.

"Utakwenda," nikamwambia. "Nitazungumza na baba yako."

"Asikasirike, mzee. Kama atakasirika, uniache tu."

Nikamchukua Shehe tena. Safari hii hakunitania. Tulipofika, mzee alikuwa amezeeka, kichanja kimeegemea upande, lakini bado anageuza buni mwenyewe. Mkewe alikuwa ameshafariki. Tuliketi.

"Mzee mwenzangu," Shehe akaanza, "tumekuja kushukuru. Binti amekaa vizuri, hana doa, duka limesimama kwa ajili yake. Sasa chuo kinamhitaji akafundishe wengine. Tunakuja kumfungulia njia, kwa heshima yote, ili jembe lile—"

"Ametukana mtu?" mzee akauliza.

"Hapana."

"Ameiba?"

"Mungu apishe mbali."

"Basi mnamrudisha kwa lipi?"

Nikasema mwenyewe, kwa sababu Shehe alikwama, na kwa Shehe hilo si la kawaida. "Hatumrudishi. Anakwenda juu zaidi. Kwangu hana kazi ya kutosha elimu yake. Nilimwahidi kiwanda, sikukipata."

Mzee akanigeukia. "Ulikuja hapa ukasema hukuja kuomba miaka."

"Nilisema."

"Ulisema umekuja kuomba mtu. Nikakupa. Wazee wa Igamba walikuja na jembe zuri kuliko lako, nikawarudisha, kwa ajili ya neno lako. Sasa unaniambia hakutoshi?" Aliinuka, akaingia ndani, akatoka na mpini mtupu, akauweka miguuni pangu. "Jembe lako limekwisha shambani. Nimelilimia, limelika mpaka kwenye shingo. Chukua kilichobaki."

"Sikufuata jembe, mzee."

"Binti haachwi na duka. Hilo halijawahi kutokea Hasamba. Mkimrudisha, mrudisheni Dar es Salaam, lakini hapa asije akasema ametoka kwa mumewe. Mume wa kumwacha hana, na kwangu alishatoka."

Shehe akajaribu tena kwa dini yake na kwa dini yetu, kwa Mtume na kwa Bwana Yesu. Mzee alirudi kwenye kichanja akatupa mgongo. Tukaondoka. Mpini niliuacha palepale.

Tunduma nilimwambia binti kila neno, sikupunguza. Alisikiliza, akauliza kama baba yake alionekana anakohoa. Nikasema ndiyo, kidogo. Alikaa nasi wiki kadhaa, nikadhani amebadili nia, na moyoni, msinicheke, nilifurahi. Halafu asubuhi moja akaja na sanduku. Mke wangu alimfunga kitenge cha kujifunika kwenye basi. Nilimpa mkono. Nilitaka kumwambia kitu kikubwa, nikamwambia awe mwangalifu na maji ya Dar. Basi likaondoka nikarudi kufungua duka, kwa kuwa lilikuwa na foleni na aliyekuwa anajua dawa siku hiyo ni mimi peke yangu.

Alifanikiwa. Anafundisha, watu wanamwita daktari, na wanafunzi wake wameenea nchi nzima. Kila alipopata likizo alipanda basi, akapita Vwawa, panaposhukiwa kwenda kwao, akafika Tunduma kwetu, akarudi. Hasamba hakushuka. Mara moja tu ndiyo alishuka. Baba yake alimkaribisha vizuri sana, akamtandikia mkeka, akamwita mgeni, akamuuliza huko alikotoka wanaendeleaje. Alimwuliza kama mtu anavyomuuliza mpita njia. Binti alikunywa maji akaondoka.

Mimi niliendelea na ushirikiano na chuo. Nilileta mwanafunzi mwingine, kijana. Safari hii sikuuliza kwao ni wapi. Akasaini, nikasaini, mihuri ikagongwa, akafanya utafiti wake wa dawa za mifugo, akakaa miaka yake, ikaisha, tukaagana vizuri. Alikuwa mtu mwema. Sura yake siikumbuki.

Kisha habari ikaja kwamba mzee wa Hasamba amefariki.

Tulikwenda mimi, mke wangu na Shehe. Tukakuta watu wamejaa mpaka kwenye migomba. Binti alifika baadaye akitoka Dar, amevaa nguo nyeusi, macho yamevimba, akakimbilia kwenye mkeka wa watoto wa marehemu. Shangazi yake akamwinua kwa mkono, kwa upole, si kwa ukali.

"Wewe ulishatoka, mwanangu. Kaa na watu wako."

"Shangazi, ni baba yangu."

"Najua. Lakini yeye mwenyewe ndivyo alivyoacha amesema. Nenda, usitutie aibu mbele ya watu."

Akasimama katikati ya uwanja, anatazama huku na huku. Mke wangu akasogea kwenye mkeka, akapiga kando yake kwa kiganja. Binti akaja akaketi.

Kaburini msemaji wa ukoo alikuwa akiita makundi kutupa udongo. "Watoto!" Kaka zake na dada zake wakaenda. Yeye akanyanyuka nusu, shangazi akamtazama, akakaa. "Wajukuu!" "Ndugu wa marehemu!" Kisha, kwa sauti ileile, "Upande wa wakwe!"

Waume wa dada zake wakainuka. Halafu uso mmoja ukageuka kunitazama, na mwingine, mpaka wote.

"Mnyiha," Shehe akaninong'oneza, "tunaitwa."

Maisha yangu yote nimesema nilichonacho moyoni, mbele ya wakubwa na mbele ya wadogo. Nilikuwa na maneno ya kutosha siku ile. Nilitaka kuwaambia hapajawa na ndoa, kwamba huyu ni mtoto wa marehemu, wamwache akatupe udongo na wenzake kama mtoto. Lakini mwenye kuweza kulifuta lile neno alikuwa chini, na mimi niliyelisema nilikuwa nimelisema nyumbani kwake, nikanywa na pombe yake.

Nikainuka. Shehe akainuka. Binti akasimama nyuma yangu na kitenge chake kichwani, akanifuata mpaka ukingoni. Nilichota udongo nikatupa. Yeye akachota akatupa baada yangu, kama mkwe, juu ya baba aliyemzaa.